Kiti cha Upepo

Mama Mikunjo hakuwa mtu wa kuunguza shati. Nilifanya naye kazi miaka kumi na tisa katika nyumba moja ya dobi, meza yake dirishani, mashine zangu ukutani, hatua sita kati yetu, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuona alama ya pasi kwenye nguo iliyopita mikononi mwake. Wengine wote tuliunguza. Mimi niliunguza suruali ya bwana harusi asubuhi ya harusi yake. Yeye hakuunguza hata leso.

Alianza na pasi ya mkaa akiwa na miaka kumi na miwili, kwa mama yake mdogo aliyekuwa akifua nguo za watu uani. Pasi ya mkaa haina huruma. Cheche moja ikiruka, nguo ya mtu imekwenda. Alisema huko ndiko alikojifunza kutembeza mkono bila kuusimamisha.

"Pasi ni kama mgeni mwenye maneno mengi," alikuwa akituambia. "Mkaribishe, lakini usimwache akae mahali pamoja."

Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafariki wakati binti yao yuko darasa la pili. Mwezi huohuo alikuja kwetu kuomba kazi. Bosi alimpa sketi moja ya shule yenye marinda ishirini na nne, akampa na kisogo. Alipogeuka, marinda yalikuwa yamesimama kama kurasa za kitabu kipya. Kina mama wa mtaani walisema mtoto anaweza kuanguka mara mbili uwanjani na sketi iliyopigwa pasi na mama yule isijue. Ndipo akaitwa Mama Mikunjo. Binti yake alifanyia kazi za shule chini ya meza ya pasi, kati ya vikapu, mpaka akawa mrefu kuliko meza. Sasa ni mwalimu.

Shati alilipiga kwa dakika sita. Kola kwanza, siku zote kola kwanza, kisha mabega, mikono, na mwisho mgongo. Ukimsemesha hakunyanyua macho, lakini alikujibu, na mara nyingi jibu lake liliacha watu wakishika mbavu. Mimi si msemaji, kwa hiyo nilikuwa chakula chake cha kila siku. Sikuchukia. Mtu mkimya kwenye kazi ya kelele anahitaji mwenzake wa kumtania, asije akasahaulika pamoja na mashine.

Sasa nieleze kuhusu kiti, maana bila kiti habari hii haieleweki.

Nyumba ya dobi ni nyumba ya mvuke. Kuna boila, kuna pasi nne, kuna mashine za kukaushia, na dirisha la maana ni moja. Kila mmoja wetu amewahi kuona giza na kushika ukuta. Kwa hiyo, tangu kabla sijaajiriwa, palikuwa na kiti cha mbao karibu na mlango wa nyuma, kilichoitwa kiti cha upepo. Ukizidiwa na joto unakaa pale, unapewa kikombe cha maji yenye sukari na chumvi kidogo, na hakuna anayekuuliza kitu mpaka mashine kubwa imalize mzunguko wake mmoja. Mzunguko ni dakika thelathini na sita: kufua, kusuuza, kukamua. Mashine ikinyamaza, unasimama na kurudi kazini. Hakuna aliyewahi kukaa mizunguko miwili. Ilikuwa sheria yetu, na ilitufaa, kwa sababu kila mara ilikuwa joto tu.

Na kuna jambo la pili, linalonihusu mimi. Mwezi wangu wa tatu pale, asubuhi moja bomba la boila lilipasuka. Chumba kilijaa weupe mpaka sikuona mikono yangu. Nilikimbilia nje na kuwapigia zimamoto. Walikuja na gari kubwa, king'ora kinalia, mtaa mzima umesimama barabarani. Mkubwa wao aliingia, akatoka, akavua kofia, akaniuliza mbele za watu, "Ndugu, kwako wakichemsha chai huwa unatuita pia?"

Mimi, mfanyakazi wa mvuke, nilikuwa nimewaita zimamoto kwa sababu ya mvuke.

Mama Mikunjo alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Ni yeye aliyenipa jina la Zimamoto, na mpaka leo wapo wateja wasiojua jina langu lingine. Bosi hakucheka. Wateja walipungua wiki nzima, na yeye akaweka amri: hakuna mtu kupiga simu za dharura bila kumuuliza yeye kwanza. Alipoitangaza alikuwa ananitazama mimi.

Siku ninayoieleza, Bosi alikuwa amekwenda kununua wanga wa kukazia nguo na sabuni upande wa pili wa mji. Tulikuwa watatu: mimi, Mama Mikunjo, na mama wa kaunta tunayemwita Redio kwa sababu habari ikiingia kwake haipumziki. Nilijaza mashine kubwa mashuka ya nyumba ya wageni, nikabonyeza, nikatazama saa ya ukutani kama ninavyotazama kila ninapowasha. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Nilisikia harufu kabla sijageuka. Harufu ya pamba inayoungua anaijua kila dobi.

Mama Mikunjo alikuwa amesimama mbele ya meza yake. Pasi ilikuwa imelala juu ya kifua cha shati jeupe, moshi mwembamba ukitoka pembeni, na yeye anaitazama. Hakuwa ameshtuka. Aliitazama kama mtu anayetazama mvua kwa jirani. Nilivuka zile hatua sita, nikanyanyua pasi. Chini yake palikuwa na alama ya kahawia, umbo kamili la pasi, ncha imeelekea kwenye kola.

"Dada," nikasema. "Dada, vipi?"

"Joto," akasema. Neno lilitoka zito, kana kwamba ana kitu mdomoni.

Redio alikuja mbio kutoka kaunta. Alipoona shati alijishika kichwa, kisha akacheka.

"Haya, leo jua limechomoza magharibi! Mama Mikunjo kaunguza! Mpeleke kitini, joto la leo si la kawaida."

Tulimshika mkono huku na huku. Aliburuta mguu wa kulia kidogo, nikadhani ni kandambili yake iliyokatika juzi. Tulimkalisha kwenye kiti cha upepo. Redio akakoroga maji ya sukari na chumvi.

Nilisimama pale nikiwa sijui nishike nini. Mashine ilikuwa inazungusha mashuka, maji yanapiga kioo. Nikajiambia ni joto. Mimi mwenyewe nilikaa kiti hicho wiki iliyopita. Lakini macho yangu yalirudi kwenye shati. Mtu aliyezidiwa na joto huwa anaiweka pasi kwanza, au anaanguka nayo. Hasimami akaitazama ikiunguza.

"Nadhani tuite gari la wagonjwa," nikasema.

Redio alinigeukia. "Wewe tena?"

"Hayuko sawa."

"Hayuko sawa nani, na hili joto? Zimamoto, nakupenda kama ndugu yangu, lakini unataka tuchekwe mara ya pili? Waje hapa na king'ora, wamkute mama wa watu anakunywa maji ya sukari? Ngoja mzunguko uishe."

"Basi tumpigie Bosi."

Tulimpigia. Simu iliita mpaka ikakata. Tukapiga tena. Bosi akiwa kwenye ghala la sabuni hasikii kitu, na tulijua hivyo.

Mama Mikunjo aliinua mkono wa kushoto, akautikisa kidogo kunikataza. "Usiite," akasema, taratibu sana. "Aibu."

Hilo neno lilinifunga. Kama mgonjwa mwenyewe hataki, mimi ni nani? Nilirudi kwenye mashine, nikajifanya naangalia sabuni. Nasema ukweli: niliogopa. Sikuogopa ugonjwa. Niliogopa ile kofia ikivuliwa tena mbele yangu na yule mtu akiniuliza habari za chai. Nilifikiria maneno nitakayosema kwenye simu, na kila nilipoyapanga yalikuwa maneno ya mjinga. Hajaanguka. Hatoki damu. Anapumua. Anaongea. Ameunguza shati.

Mashine iliacha kufua, ikamwaga maji, ikaanza kusuuza. Nikageuka kumtazama.

Redio alikuwa anamnywesha. Maji yaliingia mdomoni na kutoka tena upande wa kulia, yakashuka kidevuni, yakatiririka kwenye blauzi. Mama Mikunjo hakufuta. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiona doa kwenye tai ya mteja kabla mteja hajafika kaunta. Blauzi yake ilikuwa inalowa kifuani mwake, na yeye hana habari.

Nilitazama saa. Saa tano na dakika ishirini na nane.

Niliingia chumba cha kukaushia, katikati ya mashuka yaliyotundikwa, ili Redio asinisikie, nikapiga. Sauti ya mwanamke ikaitika upesi.

"Dharura. Nikusaidie nini?"

"Samahani, mama. Sijui kama hii ni dharura."

"Niambie unachokiona. Kuamua niachie mimi."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Yalinitua mzigo ambao nilikuwa nimeubeba peke yangu dakika zote zile.

"Mwenzangu ameunguza shati," nikasema.

"Kuna moto?"

"Hapana. Shati moja tu, na pasi nimeitoa. Lakini yeye haunguzi, mama. Miaka kumi na tisa hajawahi."

Nilisubiri kicheko. Hakikuja. Nilisikia anaandika.

"Anaongea?"

"Anaongea, ila maneno ni mazito. Na maji yanamtoka upande mmoja wa mdomo."

"Msimpe tena maji wala kitu chochote. Uko naye hapo?"

"Niko chumba cha mashuka."

"Mbona uko chumba cha mashuka?"

Nilisogeza shuka lililokuwa mbele yangu, nikachungulia mlangoni.

"Rudi alipo," akasema. "Usikate simu."

Nilirudi. Redio aliniona na simu sikioni, akafungua mdomo. Nikamwonyesha kikombe kwa kidole, nikatikisa kichwa, na sijui aliona nini usoni mwangu, kwa sababu alikiweka chini.

"Mwambie atabasamu," ile sauti ikasema.

Haikuwa kazi rahisi kumwambia Mama Mikunjo atabasamu. Miaka yote yeye ndiye aliyenichekesha. "Dada," nikasema, "hebu nicheke kidogo."

Alicheka. Upande wa kushoto wa mdomo ulipanda, ule wa kulia ukabaki palepale, umelala.

"Upande mmoja umekataa," nikasema kwenye simu.

"Mwambie ainue mikono yote miwili mbele, aishikilie."

Aliinua. Wa kushoto ulikaa. Wa kulia ulianza kushuka polepole, bila yeye kujua, kama mkono wa shati lililoloa ukitundikwa. Ndio mkono uliopiga mashati ya mtaa mzima.

"Unashuka," nikasema.

"Gari linakuja. Ilianza saa ngapi?"

"Saa tano na dakika kumi."

"Una hakika?"

"Nilikuwa ndio kwanza nimewasha mashine."

"Vizuri sana. Usiisahau saa hiyo. Mwambie daktari."

Redio alikuwa ameanza kulia. "Mimi nilimcheka," alisema. "Nilimcheka, Zimamoto." Nilimpa foronya nyeupe nikamwambia akasimame barabarani aipunge, gari lisitupite. Alikwenda anakimbia, na unene wake wote, na nilimsikia akipiga kelele za kusimamisha magari kabla hata gari lenyewe halijaonekana. Siku hiyo jina lake lilitusaidia.

Nilipiga magoti mbele ya kiti. Mashine ilikuwa inakamua sasa, sakafu inatetemeka. Mama Mikunjo alinitazama, na nikaona kwamba amejua. Alishika ukosi wa shati langu kwa mkono wa kushoto, akaukunjua pale ulipokuwa umejikunja, akaulaza vizuri. Kisha akaacha mkono wake begani kwangu mpaka walipofika.

Wale wahudumu hawakuniuliza habari za chai. Mmoja alimpima, mwingine aliuliza saa, nikamwambia, naye akaiandika mgongoni mwa glavu yake kwa kalamu. Hospitalini daktari aliuliza saa hiyohiyo mara mbili, na mara zote mbili nikajibu saa tano na dakika kumi. Alisema ni kiharusi, kwamba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila haitolewi kama saa ya kuanza haijulikani, na kila dakika inayopita kuna kitu ndani ya kichwa kinachokufa. Alisema tulifika ndani ya muda. Kisha, akiwa ameshaanza kuondoka, akaongeza, "Mngepiga mara tu mlipoona, ingekuwa bora zaidi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nilikaa na maneno hayo kwenye benchi mpaka binti wa Mama Mikunjo alipofika, chaki bado iko vidoleni.

"Nani aliita gari?" akauliza.

"Mimi."

Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru, na mimi nikashindwa kumtazama. Anamshukuru nani? Yule aliyepiga, au yule aliyesimama kwenye mashine akijifanya anaangalia sabuni? Tulikuwa mtu mmoja.

Mama Mikunjo aliishi. Maneno yake yalirudi moja moja, kama wateja baada ya msiba. Mguu ukarudi kiasi cha kutembelea fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Vidole vinaweza kushika kikombe kitupu, basi.

Bosi aliiondoa ile amri yake bila sisi kumwomba. Aliandika namba ya dharura kwa rangi nyekundu ukutani juu ya kaunta, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake mbaya: PIGA, UTANIAMBIA BAADAYE. Kiti cha upepo bado kipo, maana joto bado lipo. Ila siku hizi mtu akikikalia tunamwambia acheke na ainue mikono kabla ya kumpa maji. Tunataniana kuhusu jambo hilo, lakini hakuna anayekataa kuinua.

Mama Mikunjo alikuja kututembelea mwezi wa tano baada ya siku ile, binti yake amemshika kiwiko. Redio alimpigia vigelegele mpaka wateja wakaogopa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yake, ambapo sasa nafanyia kazi mimi, akapitisha mkono wa kushoto juu ya kitambaa. Kisha akaomba alione lile shati.

Nilikuwa nimelihifadhi. Mwenye shati alipewa jipya, na hili nililikunja nikaliweka kabatini chini ya vitambaa vya viraka. Nililitandika mbele yake. Alilitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole pembeni mwa ile alama.

"Hili nimeunguza mimi?"

"Wewe, dada."

"Siamini." Akalisogeza kwenye mwanga. "Na nilianza kifuani. Kola bado haijapigwa. Ungeona kola tu, ungejua."

"Niliona alama. Kola sikuiona."

Binti yake alikuwa anaongea na Redio kaunta. Mashine ilikuwa inazunguka nyuma yangu.

"Zimamoto," akasema. "Kati ya kuona na kupiga simu, ulikaa muda gani?"

Ningeweza kusema dakika mbili. Hakuna ambaye angebisha. Redio mwenyewe anaamini zilikuwa mbili, ndivyo anavyosimulia.

"Dakika kumi na nane," nikasema.

Alikuwa anahesabu, nikaona midomo yake inakwenda, ule upande unaokwenda.

"Mashati matatu," akasema.

"Mashati matatu, dada."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Sikujua kama ni kunisamehe au ni kukubali tu hesabu, na sijamuuliza. Nilitaka kusema niliogopa kuchekwa, lakini nadhani hilo alikuwa analijua kuliko mimi, maana kicheko cha kwanza kilikuwa chake.

Alilikunja lile shati kwa mkono mmoja, alama ndani, kingo zimelingana, akalitia kwenye mfuko wake. Kisha akatazama shati nililokuwa nalipiga kabla hajafika, akakunja uso.

"Na hii kola," akasema, "nani kakufundisha kuanzia katikati? Anzia ncha. Lete, nishike huku, wewe vuta."

Nikavuta.